Glavu Kuukuu za Besiboli: Kuzitambua, Kuzitengeneza na Kuzipangia Bei

Glavu ya besiboli iliyokaa darini miaka sitini hufika mkononi mwa mnunuzi ikiwa bapa kama chapati, kavu, imepauka na ina harufu ya vumbi. Watu wengi hukimbilia chupa ya mafuta kabla hata ya kuitazama vizuri, na hapo ndipo huiharibu. Mafuta yakishazama ndani ya ngozi hayatoki tena: rangi hugeuka nyeusi, mihuri hufifia, na glavu iliyokuwa ya dola mia mbili hubaki ya dola arobaini. Kwa hiyo fuata mpangilio huu: tambua, safisha, lainisha kidogo, rudisha umbo, gusa kamba mwisho. Bei ipange ukiwa tayari unajua ulichonacho.

Kwanza: piga picha na kupima kabla ya kugusa chochote

Piga picha zisizopungua nane kwenye mwanga wa dirishani: kiganja, mgongo, wavu wa kati ya gumba na kidole cha shahada, kisigino cha glavu (sehemu nene ya chini ya kiganja), mkanda wa kifundo pamoja na kifungo chake, lebo ya kitambaa, bitana ya ndani, na kila fundo la kamba. Picha za mafundo zitakuokoa baadaye, maana njia ya kamba hutofautiana kutoka modeli moja hadi nyingine. Kisha ipime kwa mizani ya jikoni na uandike gramu zake. Tutarudi kwenye namba hiyo tukifika kwenye mafuta.

Angalia pia huvaliwa mkono gani. Anayerusha kwa mkono wa kulia huvaa glavu kushoto, na nyingi ziko hivyo. Glavu ya kuvaliwa kulia, yaani ya mashoto, kwa kawaida huuzwa chini ya mwenzake wa modeli ile ile, kwa kuwa wanunuzi wake ni wachache.

Pili: soma umri wake

Jina la mchezaji lililopigwa muhuri kwenye kiganja ndilo watu hutazama kwanza, lakini umbo la glavu hudanganya kwa nadra zaidi kuliko jina.

Glavu za miaka ya 1870 na 1880 zilikuwa za ngozi nyembamba, mara nyingi zimekatwa vidole, na mdakaji, yaani anayekaa nyuma ya mpigaji, aliweza kuvaa moja kila mkono. Mchezaji Albert Spalding alianza kuvaa glavu nyeusi uwanjani mwaka 1877, na kuanzia hapo aibu ya kuvaa glavu ikapungua. Miaka ya 1890 zikaja glavu kamili zenye pedi ya umbo la mwezi mwandamo upande wa kisigino, bila wavu wowote kati ya gumba na shahada. Mwaka 1895 sheria ikaweka kikomo kwa wachezaji wote isipokuwa mdakaji na mlinzi wa beisi ya kwanza: uzito usizidi aunsi 10, kama gramu 284, na mzunguko wa kiganja usizidi inchi 14, kama sentimita 35.5. Ndiyo sababu glavu za wakati huo ni ndogo mno machoni petu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kikaongezwa kipande cha ngozi chenye upana wa inchi moja hivi, kilichoshonwa kati ya gumba na kidole cha shahada. Kisha akaja Bill Doak, mrushaji wa timu ya St. Louis Cardinals, aliyewapelekea watengenezaji glavu Rawlings wazo la wavu wa kamba za ngozi zilizofumwa, unaotengeneza mfuko wa kudakia mpira. Glavu yake iliingia sokoni mwaka 1920 na ikaendelea kuuzwa kwa zaidi ya miaka thelathini. Ukiona wavu wa kufumwa, basi glavu ni ya 1920 au baadaye. Ukiona kipande kimoja tu kilichoshonwa, kuna uwezekano ni ya kabla yake, ila usiapie: glavu za bei rahisi za watoto ziliendelea na mtindo wa zamani kwa miaka kadhaa.

Alama inayofuata ni vidole. Hadi miaka ya 1940 kila kidole kilisimama peke yake. Baadaye ncha za vidole zikaanza kuunganishwa kwa kamba, na kufikia miaka ya 1950 ndivyo ilivyokuwa kwa karibu glavu zote. Mwaka 1957 kampuni ya Wilson ilitoa glavu ya A2000, kubwa, yenye mfuko wa kina na kisigino kinachokunjika, na glavu za kampuni nyingine zikafuata umbo hilo. Kuanzia miaka ya 1960 nyingi zilitengenezwa Japani, hata zenye majina ya Marekani. Tafuta maneno ya nchi iliyotengeneza karibu na kisigino au kwenye lebo.

Namba ya hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, husaidia sana. Hataza ya Marekani yenye namba 1,000,000 ilitolewa mwaka 1911, namba 2,000,000 mwaka 1935, na namba 3,000,000 mwaka 1961. Glavu yenye hataza inayoanza na 1,9 haiwezi kuwa ya 1920, hata muuzaji akiapa. Angalia na boksi: anwani yenye msimbo wa posta wa tarakimu tano ni ya 1963 au baadaye, kwa kuwa mfumo huo ulianza mwaka huo.

Chapa nazo zina historia yake. Draper & Maynard wa Plymouth, New Hampshire, wanaojulikana kwa herufi D&M, walifunga mwaka 1937. Nokona wa Texas walianza kutengeneza glavu mwaka 1934. Jina Goldsmith lilitangulia, likafuatwa na MacGregor Goldsmith, kisha MacGregor peke yake. Mpangilio huo wa majina unakupa umri bila kuhitaji kitabu. J.C. Higgins ilikuwa chapa ya maduka ya Sears: nzuri kwa kuanzia, lakini bei yake mara nyingi ni ya chini.

Tahadhari kuhusu glavu zilizokatwa vidole. Nyingi zinazouzwa kama za besiboli ya karne ya 19 ni za kupigia mfuko wa ndondi, za kuendesha baiskeli au za kuendesha gari. Ya besiboli huwa na pedi kiganjani na dalili za kuchakaa pale mpira unapotua, chini ya vidole. Kama uchakavu uko kwenye konzi, hiyo ni ya mabondia. Bila muhuri wa mtengenezaji unaosomeka, usilipe bei ya ile halisi.

Tatu: usafi wa kavu

Fungua mkanda wa kifundo na utikise glavu juu ya karatasi nyeupe. Ukiona unga kama wa mbao, vijiganda vya mabuu au nyuzi zilizoliwa, kuna wadudu ndani: nondo na mende wa ngozi hupenda felti ya pedi. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki uliotolewa hewa, iweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba, kisha iache mfukoni humo humo siku nzima ipate joto la chumba kabla ya kuifungua. Ukiifungua ikiwa baridi, umande utatanda juu yake na ngozi italowa.

Ukungu mweupe usiusugue ndani ya nyumba. Vaa barakoa, toka nje kivulini, na uutoe kwa brashi laini ukielekeza kule upepo unakoelekea. Mabaki yafute kwa pamba iliyogusishwa spiriti ya asilimia 70, iminywe mpaka isidondoke. Jaribu kwanza chini ya mkanda wa kifundo, kwa sababu spiriti hutoa rangi ya baadhi ya glavu.

Baada ya hapo, brashi ya manyoya laini kwa sehemu pana, na mswaki wa zamani kwa mishono. Chukua muda. Nusu ya uchafu hutoka hapa bila tone la maji.

Nne: usafi wa maji kidogo

Ngozi ya glavu ina asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi; 7 ni katikati) ikiwa kati ya 3.5 na 5. Sabuni ya mche, na hata sabuni ya tandiko la farasi, ina pH ya 9 au 10. Ndiyo maana ngozi iliyooshwa kwa sabuni huonekana safi leo na kupasuka mwakani. Tumia kisafishio cha ngozi kilichoandikwa wazi kuwa pH yake imelinganishwa na ngozi. Lexol ni mfano unaopatikana kwa urahisi Marekani.

Tia kiasi cha sarafu kwenye sponji yenye unyevu, iminye hadi itoe povu, na utumie povu tu. Fanya eneo la sentimita tano kwa tano, zungusha taratibu, futa kwa kitambaa safi chenye unyevu, kisha songa mbele. Maeneo matatu usiyaguse kabisa: lebo ya kitambaa, mihuri ya rangi ya fedha au dhahabu, na saini ya mchezaji iliyopigwa kwa wino. Rangi ya fedha imeketi juu ya ngozi kama vumbi, na hutoka kwa mfuto mmoja.

Kama ngozi inaacha unga mwekundu au wa kahawia kidoleni, simama. Hiyo ni ngozi iliyodabaghiwa kwa magome ya miti ambayo asidi imeila. Maji yatageuza unga huo kuwa ganda jeusi gumu. Glavu ya namna hiyo isafishwe kwa kavu tu, na kama ni ya thamani, apewe mtaalamu wa kuhifadhi ngozi.

Tano: mafuta, tena machache

Katika kazi yote hii, hapa ndipo penye makosa mengi kuliko pote. Mafuta ya miguu ya ng'ombe (neatsfoot) ndiyo yaliyotumika zamani, na wengi bado huyapenda. Kwa glavu ya kuchezea, sawa. Kwa glavu ya kukusanya, hayafai: hupenya hadi kwenye pedi, huongeza uzito, huitia weusi ngozi, na kadiri yanavyozeeka hugeuka gundi inayonata. Mafuta ya mink, mnyama mdogo wa manyoya, nayo huacha utando mweupe. Vaselini hukaa juu na kukusanya vumbi.

Tumia krimu ya kulainisha ngozi kuukuu, yenye nta kidogo. Kiasi ni kijiko kimoja cha chai kwa glavu nzima, si zaidi. Weka krimu kwenye kitambaa cha pamba, si moja kwa moja kwenye ngozi, na ufinye kitambaa mpaka krimu isambae. Paka nusu ya kiasi hicho, acha saa 24, sugua kwa kitambaa kikavu, kisha amua kama nusu ya pili inahitajika. Mara nyingi haihitajiki.

Sasa irudishe kwenye mizani. Ikiwa imeongezeka zaidi ya gramu tano au sita, umetia kupita kiasi. Glavu ambayo imeshalowa mafuta ya miaka mingi utaijua kwa uzito wake mkononi na kwa jinsi inavyotoa unyevu siku za joto. Hiyo usiiongezee chochote. Ifunge kwa karatasi nyeupe isiyo na asidi, ibadilishe karatasi kila wiki, na uisubiri.

Kifungo cha shaba chenye utando wa kijani kinatokana na mafuta ya ngozi kuila shaba. Utoe kwa kijiti cha meno na pamba kavu. Kisafishio cha vyuma usikitumie, kitaingia ngozini na kuacha doa la duara lisilofutika.

Sita: kurudisha umbo

Glavu iliyolala bapa miaka mingi ukiilazimisha kufunguka hukatika kwenye mikunjo. Ilegeze kwanza kwa unyevu wa hewa. Chukua kasha la plastiki lenye kifuniko, weka sponji iliyolowa chini, kisha wavu wa kuinua, kisha glavu juu bila kugusa maji. Funika. Tazama kila saa nne; saa 12 hutosha kwa nyingi, na usipitishe 24 kwa kuwa ukungu utaanza.

Ikishalegea, jaza vidole kwa karatasi isiyo na asidi iliyosokotwa, moja baada ya nyingine, na uweke mpira kwenye mfuko wa glavu. Funga kwa ukanda mpana wa kitambaa, usiokaza. Iache kivulini penye hewa siku tatu au nne. Jua, tanuri na mashine ya kukaushia nywele ni mwiko: ngozi kuukuu ikiwa na unyevu husinyaa kwa joto ambalo ngozi mpya ingelistahimili, na ikishasinyaa haitanuki tena.

Saba: kamba na mishono

Kamba halisi zikiwa nzima, ziache, hata kama ni kavu na mbaya machoni. Mnunuzi anayejua hulipia kamba za kiwandani. Badilisha iliyokatika tu, na ihifadhi ile ya zamani kwenye bahasha.

Pima upana kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene. Glavu za baada ya vita vya pili kwa kawaida hutumia kamba ya inchi 3/16, karibu milimita 4.8, za zamani zaidi mara nyingi ni inchi 1/8, karibu milimita 3.2. Kamba ya madukani huwa na urefu wa inchi 72, sentimita 183. Glavu ya kisasa humaliza kamba nyingi, lakini ya miaka ya 1930 yenye wavu na kisigino tu huweza kutosheka na moja au mbili. Kamba mpya inayong'aa kwenye glavu ya 1925 huonekana kama meno bandia. Bora kuitoa kwenye glavu mbovu ya umri ule ule. Kununua mbili tatu za dola kumi kwa ajili ya vipuri ni fedha iliyotumika vizuri.

Chonga ncha ya kamba iwe mshazari wa sentimita tano, isugue nta, na uipitishe kwa sindano ya kamba yenye ncha butu. Fanya tundu moja moja: toa kipande cha zamani kwenye tundu, pitisha kipya, kisha nenda tundu la pili. Ukitoa kamba yote kwa mkupuo utapotea njia. Vuta kwa vidole, si kwa koleo. Tundu la ngozi kuukuu hukatika ghafla bila kutoa onyo, na kawaida ni lile la mwisho karibu na pindo.

Tundu likikatika, bandika kipande chembamba cha ngozi ya mbuzi upande wa ndani kwa gundi ya unga wa ngano, acha kikauke siku nzima, kisha toboa upya kwa msharasi. Gundi ya fundi viatu inashika sana, lakini haiondoki tena na huacha ukingo mgumu ambao ndio utakaokatika safari ijayo.

Mishono iliyofumuka ishonwe kwa uzi wa kitani uliopakwa nta, sindano mbili, kupitia matundu yale yale ya zamani. Uzi wa nailoni una nguvu kuliko ngozi yenyewe, na ngozi ndiyo itakayokatwa.

Rangi ya viatu, wino wa kukolezea saini na lebo mpya iliyochapishwa nyumbani havina nafasi hapa. Havitengenezi glavu, vinamdanganya atakayeinunua.

Nane: bei

Tenganisha kwanza vitu viwili vinavyochanganywa kila siku. Glavu yenye jina la mchezaji iliyouzwa dukani ni bidhaa ya kiwandani, na zilitengenezwa kwa maelfu. Glavu aliyoivaa mchezaji mwenyewe uwanjani ni jambo jingine. Glavu ya Babe Ruth mwenyewe, mchezaji mashuhuri wa zamani, iliuzwa mnadani mwaka 2022 kwa zaidi ya dola milioni 1.5. Bei hiyo haihusiani na glavu ya mtoto yenye jina lake. Na kumbuka kuwa Ruth na mwenzake mashuhuri Lou Gehrig walirusha kwa mkono wa kushoto, hivyo glavu ya kuvaliwa kushoto inayodaiwa kuvaliwa nao haihitaji hata kujadiliwa.

Kwa glavu za dukani, vitu vinavyopandisha bei kwa mpangilio huu: umri na uchache wa modeli, jina la mchezaji, hali, kisha boksi. Boksi lenye picha ya mchezaji mashuhuri linaweza kuzidi bei ya glavu iliyomo, kwa kuwa maboksi yalitupwa siku ya kwanza. Lebo ya kitambaa nzima kwenye mkanda huongeza, iliyochanika hupunguza. Jina la mtoto lililoandikwa kwa kalamu mgongoni hupunguza kidogo, na kulifuta hupunguza zaidi.

Namna ya kupima: tafuta mauzo matano yaliyokamilika ya modeli ile ile katika mwaka uliopita. Bei inayoombwa haina maana, tazama iliyolipwa. Toa ya juu kabisa na ya chini kabisa, wastani wa tatu zilizobaki ndio kianzio chako. Glavu za miaka ya 1950 na 1960 zenye jina la mchezaji wa kawaida, zikiwa zimechezewa, mara nyingi huishia kati ya dola 20 na 50. Zenye vidole visivyofungwa za miaka ya 1920 na 1930 huanza juu ya hapo. Halisi za karne ya 19 hufika maelfu.

Waswahili mlioko Marekani na Kanada mna nafasi nzuri kuliko wengi: glavu hizi hutoka kwenye mauzo ya vitu vya marehemu na yale ya vitu vya nyumbani kwenye gereji za watu Jumamosi asubuhi, ambako bei hupangwa na mtu anayetaka tu kupunguza vitu nyumbani.

Kuhifadhi

Unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 45 na 55. Dar es Salaam au Mombasa hutaupata bila msaada: tumia kabati yenye kifaa cha kupunguza unyevu, au kasha lenye silika jeli (chembe za kufyonza unyevu) inayokaushwa upya kila rangi yake inapobadilika. Usifunge glavu kwenye plastiki tupu. Isilale juu ya nyingine.

Ndani ya kila glavu weka karatasi ndogo yenye tarehe, uzito wa kabla na baada, krimu iliyotumika, tundu na kamba zilizobadilishwa, pamoja na bahasha ya vipande vya zamani. Ukiiuza, karatasi hiyo iende nayo.